Kusoma katalogi ya mnada wa farasi wa mbio: mwongozo kamili wa maneno yake, hatua kwa hatua

Huku kwetu Nakuru farasi wa mbio si kitu kigeni. Kuna wenye wamekulia Njoro ama Molo wakipita kando ya mashamba yenye farasi kila siku wakienda shule, kuna wenye wamefanya usaisi, kuna wenye hushuka Nairobi kuona mbio pale Ngong Racecourse, na sai kuna vijana wengi wanafuata minada ya Newmarket kule Uingereza na Lexington kule Marekani laivu kwa simu, manake inarushwa bure na katalogi zote ziko onlaini. Njoro yenyewe ina jina kwa haya mambo, Charles Clutterbuck alifunza farasi wa mbio pale kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na binti yake Beryl Markham akapata leseni yake ya kufunza farasi hata hajafika miaka 20. Kwa hivyo mapenzi ya farasi yako. Kinachotusumbua ni lugha ya mnada, unafungua ukurasa unakuta herufi nusu nusu, majina ya mama mpaka mama wa nyanya, nambari, unafunga.

Kabla hatujaanza shika kitu kimoja. Ukurasa wa katalogi unaandikwa ili farasi auzike. Hauna uongo, juu rekodi zinakaguliwa, lakini unachagua cha kusema kwa sauti na cha kunyamazia. Kusoma vizuri ni kuona pale pamenyamaziwa, na maneno yote nitakayoeleza hapa chini yanakusaidia kwa hiyo kazi.

Hatua ya 1: jua ni mnada wa aina gani

Farasi tunaozungumzia ni thorobredi peke yake, ile jamii iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1600 na 1700 ambayo ukifuata baba kwa baba unafika kwa madume watatu tu waliotoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Daftari lao la ukoo lilianza kuchapishwa na Weatherby 1791 na mpaka leo farasi asiyeandikishwa si thorobredi hata akikimbia kama upepo.

Minada inagawanywa kwa umri. Winlingi ni mtoto aliyeachishwa ziwa lakini hajafikisha mwaka. Yilingi ni wa mwaka mmoja, hajawahi kupandwa na joki, na hapa ndipo pesa nyingi na ndoto nyingi ziko, kama mnada wa Septemba wa Keeneland kule Kentucky ama ule wa Oktoba wa Tattersalls pale Newmarket. Halafu kuna wa miaka miwili walioanza mazoezi, hawa wanakimbizwa mbele ya wanunuzi kabla ya mnada, kipande kifupi cha mita 200 hivi ama 400, na hiyo mbio fupi inaitwa brizi. Mwisho kuna minada ya mea, yaani majike wa kuzaa, ambayo kwa kawaida ni Novemba na Desemba.

Neno pinhuki utalisikia sana. Ni kununua farasi ukiwa na nia ya kumuuza tena akiwa amekua kidogo, unanunua winlingi unauza yilingi, ama unanunua yilingi unauza akiwa wa miaka miwili. Ukiona kwa rekodi farasi aliuzwa mwaka jana na amerudi tena mnadani usishtuke, mara nyingi hiyo ndiyo biashara yenyewe. Lakini angalia alinunuliwa pesa ngapi, itakuambia mwenyewe anatarajia nini.

Hatua ya 2: mstari wa juu kabisa

Kila farasi ana nambari. Ulaya wanaita loti, Marekani wanaita hipu juu nambari inabandikwa kwa nyonga ya farasi. Kando yake kuna herufi mbili ama tatu, mfano b.c. ama ch.f. Ya kwanza ni rangi: b. ni kahawia mwenye mkia na nywele za shingo nyeusi, ch. ni mwekundu wa kahawia mwili mzima hadi mkia, br. ni kahawia iliyokolea sana, gr. ni wa kijivu. Ya pili ni jinsia: c. ni kolti, dume wa miaka minne kushuka chini, f. ni fili, jike wa umri huohuo, g. ni geldingi yaani dume aliyehasiwa, m. ni mea, jike wa miaka mitano kwenda juu.

Kisha tarehe ya kuzaliwa, na hapo tulia. Thorobredi wote wa kaskazini mwa dunia wanahesabiwa wamefikisha mwaka tarehe 1 Januari, bila kujali walizaliwa siku gani. Australia na Afrika Kusini siku hiyo ni 1 Agosti. Kwa hivyo yilingi wawili wa Kentucky, mmoja wa Januari 20 na mwingine wa Mei 10, kwa karatasi ni rika moja lakini mmoja amemzidi mwenzake karibu miezi minne ya kunyonya na kula nyasi. Yule wa Mei akionekana mdogo usimtupe haraka, na yule wa Januari akionekana mkubwa usimlipie ukubwa ambao wenzake watamfikia.

Hatua ya 3: baba, mama, na nani anaitwa ndugu

Ukoo unaandikwa kwa mti, baba juu na mama chini. Wakisema farasi ni "wa" Galileo wanamaanisha baba, na "kutoka kwa" Kind wanamaanisha mama. Baba wa mama ana nafasi yake pia na mara nyingi anatajwa mwishoni, kwa hivyo farasi anayeitwa Frankel utamkuta ameandikwa Galileo, Kind, halafu Danehill, manake Kind ni binti wa Danehill.

Sasa pale watu wengi wanapotea ni kwa undugu. Katika hii biashara ndugu ni wa mama. Farasi wawili wakichangia mama peke yake wanaitwa ndugu wa nusu, wakichangia mama na baba ni ndugu kamili, lakini wakichangia baba peke yake hawaitwi ndugu hata kidogo. Sababu ni hesabu tu. Stalioni, yaani dume wa kuzalisha, akiwa na soko anapanda majike zaidi ya mia moja kwa msimu mmoja, kwa hivyo kuwa mtoto wake si jambo la kujivunia, wako wengi mno, lakini mea anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, na maisha yake yote pengine kumi hivi. Angalia Urban Sea, jike aliyeshinda Prix de l'Arc de Triomphe, kwa ufupi Arc, 1993 kule Paris. Akamzaa Galileo kwa stalioni Sadler's Wells, na Galileo akashinda Derby ya Epsom kule Uingereza 2001. Baadaye akamzaa Sea The Stars kwa stalioni Cape Cross, huyo naye 2009 akabeba Derby na Arc mwaka mmoja. Hao wawili ni ndugu wa nusu na hakuna baba wanayechangia. Mama kama huyo ndiye kila mfugaji duniani anamtafuta, na ukielewa hapo umeelewa kwa nini ukurasa wa katalogi umejaa upande wa mama.

Nambari kama 3x4 chini ya mti zinaonyesha damu inayorudiana, yaani babu mmoja ametokea pande zote mbili. Kwa Frankel babu Northern Dancer yuko kizazi cha tatu upande wa baba na kizazi cha nne upande wa mama, ndiyo maana ya 3x4, na Frankel alikimbia mara 14 akashinda zote 14. Jike Enable yeye yuko 3x2 kwa Sadler's Wells, karibu zaidi, na akashinda Arc mara mbili, 2017 na 2018. Mimi nambari hizi nazisoma lakini sizinunui, juu kuna maelfu wenye mpango huohuo hawakushinda chochote, ni vile hao hawaandikwi popote.

Hatua ya 4: herufi nyeusi, na pale zilipokaa

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo sana. Chini ya mti kuna maandishi yaliyogawanywa: mama wa kwanza, yaani mama wa huyu farasi, mama wa pili yaani nyanya yake, mama wa tatu, na kushuka. Chini ya kila mmoja wameorodheshwa watoto na walichofanya.

Blaki taipu ni jina la farasi lililochapishwa kwa herufi nene nyeusi. Likiwa lote kwa herufi kubwa nene, farasi huyo alishinda mbio kubwa, yaani za Grupu 1 ambayo ndiyo ya juu kabisa, 2, 3 ama za Listidi zinazofuata chini yake, na Marekani badala ya Grupu wanasema Gredi. Likiwa jeusi lakini herufi kubwa ni ya mwanzo tu, hakushinda, alishika nafasi, yaani wa pili ama wa tatu, kwenye mbio za kiwango hicho. Jina la kawaida lisilokolezwa ni farasi ambaye hakufika huko, hata kama alishinda mbio kumi ndogo.

Maneno mengine yapime hivi. "Mshindi" bila kutaja mbio ni mbio ya chini. "Alishika nafasi" maana yake hajawahi kushinda. "Alikimbia mara mbili" maana yake hata nafasi hakupata. "Hakukimbia" inaweza kuwa aliumia akiwa mdogo, na haya hayamzuii kuwa mama mzuri. Meideni kwa upande wa mbio ni farasi ambaye hajashinda hata mara moja, na mbio ya meideni ni ya hao peke yao.

Chukua huu mfano nimeutunga wa kujifunzia. Loti 214, ch.f., yilingi aliyezaliwa Mei 2, 2023. Mama wa kwanza alishinda mbio moja akiwa na miaka minne, na wameandika huyu ni mtoto wake wa tano. Waliotajwa ni wa 2017 aliyeshinda mbio tatu ndogo, wa 2018 aliyeshika nafasi Ufaransa, na wa 2021 ambaye bado hajashinda. Mama wa pili ana mistari miwili. Mama wa tatu ana nusu ukurasa mzima, majina meusi yamejaa, bingwa wa 1994, mjukuu aliyeshinda Grupu 2, wajomba, mashangazi, kila mtu.

Kwa macho ya haraka huo ukurasa unang'aa, weusi ni mwingi. Sasa hesabu. Wamesema mtoto wa tano lakini ukijumlisha na huyu wametajwa wanne, kwa hivyo kuna mmoja ambaye hakuna kitu cha kusema juu yake. Kati ya 2018 na 2021 kuna pengo la 2019 na 2020, na 2022 pia hakuna mtoto, kwa hivyo huyo aliyepotea akiwa wa mmoja wa miaka hiyo mitatu bado kuna miwili mama hakuzaa. Mama wa kwanza na wa pili hawana herufi nyeusi hata moja. Na weusi wote uko kwa mama wa tatu, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Damu hiyo ilikuwa moto wakati fulani, lakini vizazi viwili vimepita bila kuthibitisha. Mwandishi wa ukurasa amefanya kazi yake halali kabisa, nawe umefanya yako. Sheria yangu ni moja, weusi ulio kwa mama wa kwanza una thamani kuliko weusi wote ulio chini yake, na ukurasa mfupi wenye mama wa kwanza imara naupenda kuliko ukurasa mrefu uliojazwa na mama wa tatu.

Kumbuka pia katalogi inachapishwa wiki kadhaa kabla ya mnada. Ndugu wa nusu anaweza kushinda mbio kubwa juzi Jumamosi na bei ikaruka, kwa hivyo tafuta nyongeza zinazotolewa na kampuni ya mnada onlaini ama zile mnadi anasoma farasi akiingia ulingoni.

Hatua ya 5: maneno ya mea na ya kupandisha

Wafugaji wa maziwa wa huku Njoro na Molo wamezoea kuagiza mbegu na daktari anakuja na sindano. Kwa thorobredi hiyo hairuhusiwi kabisa. Mtoto akitokana na sindano, ama kiinitete kuhamishiwa jike mwingine, haandikishwi. Lazima dume na jike wakutane, na DNA ya mtoto inapimwa kuthibitisha wazazi. Ndiyo maana mea husafirishwa nchi hadi nchi na kuna stalioni wanaovuka dunia mara mbili kwa mwaka, miezi ya kaskazini kisha miezi ya Australia.

Mea akiuzwa utakuta hali yake imeandikwa. "Ana mimba ya" fulani, na tarehe ya mwisho aliyopandwa, hapo ongeza miezi kumi na moja upate siku ya kuzaa. Ukiona tarehe ni ya Juni jua mtoto atakuja Mei na utakuwa na yule yilingi mdogo wa hatua ya pili. Bareni maana yake alipandishwa msimu huu hakushika, si lazima awe tasa, lakini bareni miaka miwili mfululizo kwa mea wa miaka 17 ni habari nyingine. "Hakupandishwa" ni kwamba alipumzishwa. Kuna neno la kusema mimba ilitoka, na kuna meideni tena, ila kwa mea linamaanisha jike ambaye hajawahi kupandwa. Usichanganye na meideni wa mbio, mea anaweza kuwa bingwa wa Grupu 1 na bado awe meideni.

Pacha hawatakiwi, tumbo la farasi halibebi wawili vizuri. Siku ya 14 hadi 16 baada ya kupandwa daktari anapima kwa mashine, akiona mimba mbili anaiminya moja mapema ili nyingine iishi.

Ada ya stalioni soma masharti yake. Nyingi zina dhamana ya mtoto hai, yaani mtoto asiposimama na kunyonya hulipi ama unarudishiwa. Zisizo na dhamana unalipa hata mea akikosa mimba, na kwa Northern Dancer miaka ya katikati ya 1980 watu walifika dola milioni 1 kwa mara moja bila dhamana yoyote. Ukiona ada imeandikwa ya faragha, ni ya kuelewana na wenyewe.

Hatua ya 6: ukurasa ukiisha, angalia farasi

Muuzaji anayewakilisha wenye farasi anaitwa konsaina, na kwa banda lake unaweza kuomba saisi amtoe farasi nje. Simama kando uangalie miguu ya mbele ikiwa imetulia: goti lililoinama nyuma wanunuzi wengi wanaliogopa kuliko lililosukumwa mbele kidogo, kwato zilizogeuka ndani ama nje ziandike. Halafu atembezwe, akienda na akirudi. Unataka mguu wa nyuma ukanyage kupita alama ya mguu wa mbele, kichwa kikipanda na kushuka polepole, mgongo umelegea. Masaisi wanajua hii kuliko wanunuzi wengi, wao huona farasi akitembea kila asubuhi.

Eksirei zinawekwa mahali maalum pa madaktari, mnunuzi hutuma daktari wake akazisome. Kuangalia "pumzi" ni kupitisha kamera nyembamba puani kuona kama koo linafunguka pande zote mbili, farasi mwenye upande uliolala hupiga kelele akikimbia na hewa haimtoshi. Tabia mbaya zinatakiwa kutangazwa, kama kuuma mbao huku akivuta hewa, ama kuyumba kushoto kulia bandani siku nzima. Masharti ya mnada yanasema kasoro gani inakuruhusu kumrudisha na ndani ya muda gani, yasome kabla, manake visivyotajwa humo ni vyako.

Hatua ya 7: ulingoni

Bei ya siri ambayo mwenyewe hatauza chini yake inaitwa rizavu. Masharti humruhusu muuzaji, ama mnadi kwa niaba yake, kutaja bei mpaka rizavu ifikiwe, kwa hivyo mwanzoni bei inaweza kupanda na hakuna mnunuzi mwingine wa kweli. Sikiliza mnadi akitangaza kwamba farasi sasa yuko sokoni, hapo rizavu imepita na anayefuata kutaja bei anaweza kuondoka naye. Nyundo ikigonga farasi ni wako na hatari ni yako sekunde hiyohiyo, akivunjika mguu akirudi bandani umevunjikiwa wewe, ndiyo sababu bima hupangwa kabla.

Tattersalls huuza kwa gini. Gini moja ni pauni 1.05, kwa hivyo gini 100,000 ni pauni 105,000. Ongeza ada ya ejenti, mara nyingi asilimia 5, na muulize ejenti waziwazi kama muuzaji naye anampa kitu.

Ukisoma matokeo angalia herufi RNA upande wa Marekani. Maana yake rizavu haikufikiwa, farasi hakuuzwa, na ile bei kando ni dau la mwisho tu. Watu husambaza hiyo bei kama mauzo, si mauzo. Ila RNA si mwisho pia, unaweza kumfuata konsaina bandani mkaelewana.

Na bei isikutishe wala isikulevye. The Green Monkey alipiga brizi ya mita 200 kwa sekunde 9.8, akanunuliwa dola milioni 16 mwaka 2006, akakimbia mara tatu na hakushinda hata moja. Seattle Slew alinunuliwa yilingi kwa dola 17,500 na 1977 akachukua Triple Crown ya Marekani, yaani zile mbio tatu kubwa za wa miaka mitatu, bila kushindwa.

Ukitaka kujifunza bila kutumia hata shilingi, fungua katalogi ya yilingi ya miaka minne iliyopita, chagua kurasa kumi, ficha bei. Andika kwa daftari nani ungemnunua na kwa nini, hasa mama wa kwanza amekuambia nini na wapi umeona pengo. Kisha tafuta waliuzwa ngapi, na walikimbia vipi baada ya hapo, rekodi ziko wazi onlaini. Rudia na kumi wengine wiki ijayo.